Kivuli cha Nakijwa Mbele ya Baraza

Haya nimeyapata kwa mdogo wangu Nakijwa mwenyewe, Jumamosi na Jumapili moja baada ya masika ya mwaka 2071, tukichambua maharage kwenye mkeka. Alisimulia kwa vipande vipande. Akifika mahali pagumu anarudia kuchambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa, nami namsubiri. Mambo ya mtambo nilimuuliza binti yake Tumsifu, maana mtambo ni wake. Hapa nayaandika kama nilivyopewa.

*

Siku Tumsifu alipolileta lile kokoto, mama yake alikuwa anakoroga makande ya mahindi na maharage.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Umekonda. Nini hicho?"

"Kokoto."

"Nje ninayo tele. Umesoma miaka kumi na minane uniletee kokoto?"

"Hili linasikia, Mama."

Akaliweka karibu na mafiga. Lilikuwa la kijivu, laini, kama yale ya mtoni, nalo halikuwa na waya wala taa. Akamweleza mama yake kwamba litakaa hapo miaka miwili likimsikiliza: anachokubali, anachokataa, anachocheka, na mahali sauti yake inaposhuka. Kutokana na hayo litamtengenezea kivuli.

"Kama kile cha kurekodi?"

"Hapana. Cha kurekodi kinarudia ulichosema. Kivuli kinasema kile ambacho ungesema ukiulizwa. Kwa sauti yako. Wewe ukiwa hapa na mwiko wako, kivuli kinakusemea kule ukingoni."

Maana pale Ikamba, milimani Upare, mambo yote ya maji yanasemwa ukingoni mwa ndiva. Ndiva ni bwawa la udongo walilochimba mababu. Kijito kinalijaza, asubuhi mlango unazibuliwa, kila nyumba inamwagilia kwa zamu. Likijaa tope pembe inapigwa, kila nyumba inatoa mtu na jembe, na huo ndio msaragambo. Mwenye neno anasimama pale na jembe lake mkononi, analisema. Neno usilolisema umesimama, hukulisema. Lakini wanawake hawakuwa wakisimama, na nyumba ya mjane ilisemewa na shemeji. Mbonea, mume wa Nakijwa, alikuwa ameshafariki, kwa hiyo nyumba yake ilisemewa na Senkondo, mdogo wa marehemu.

"Wewe una maneno kuliko ukoo mzima," Tumsifu alimwambia. "Yote yanaishia hapa jikoni, kwa moshi."

"Nikisimama mimi makande atakoroga nani? Wewe? Utaunguza sufuria na nyumba."

Lakini kokoto likabaki.

Miaka miwili ikapita. Siku moja Senkondo akasimama ukingoni, akasema nyumba ya marehemu kaka yake inakubali kupunguziwa zamu, kutoka muda wa saa tatu nzima hadi wa saa moja tu. Tumsifu alikuwa amekaa kwenye nyasi na kisahani kidogo cha kutolea sauti ya kivuli mapajani, kama redio. Kile kisahani kikakohoa kikohozi cha Nakijwa, kikasema:

"Haikubali. Na wewe Senkondo, jembe hilo uliloegemea ni la marehemu. Lirudishe."

Watu walicheka mpaka mmoja akakaa kwenye tope. Senkondo naye alicheka, kisha akalirudisha jembe jioni ileile. Mwaka ule nyumba mia mbili ziliomba kokoto. Miaka mitatu baadaye Nakijwa akaenda ukingoni kwa miguu yake, akasimama, akasema. Mwaka uliofuata wakamfanya mwenyekiti wa ndiva. Aliliambia kokoto, "Wewe kaa hapo, mimi nina miguu sasa." Hakulitoa jikoni. Lilikuwa limeshakuwa kama figa la nne.

*

Sasa dunia nayo ilikuwa na msaragambo wake, na ulikuwa umeishinda.

Kulikuwa na moshi wa miaka mia mbili uliobaki angani, na kulikuwa na mitambo inayoweza kuunyonya. Mtambo mmoja unataka maji baridi ya mlimani, mengi, kila siku, bila kusimama. Baraza la Dunia lilikuwa na orodha ya milima mia nne. Kila walipokwenda kuuliza watu, watu walisimama wakakataa. Miaka thelathini wanauliza, miaka thelathini wanakataliwa, na bahari inapanda.

Ndipo mtu mmoja kwenye Baraza akasikia habari za vivuli. Wakamwita Tumsifu. Alikwenda kwa furaha. Aliniambia, "Mama mkubwa, nilidhani ninawapelekea sauti za watu wasiosikika." Wakatengeneza makokoto kwa mamilioni. Wakangoja miaka miwili. Kisha wakaiuliza milima yote mia nne kwa mchana mmoja, bila mtu kuinuka alipo.

Tumsifu alifika Ikamba siku ya kazi, bila kupiga simu. Alisimama mlangoni mwa jiko, hakuingia.

"Kuna msiba?" Nakijwa akauliza.

"Mama, Ikamba imekubali."

"Imekubali nini?"

"Mtambo. Maji ya ndiva."

Nakijwa akacheka. "Nani kakudanganya? Juzi tu tumesimama watu mia mbili na kumi na tatu. Tumekataa wote. Nimehesabu mwenyewe, mmoja mmoja."

"Hawakuuliza ukingoni. Wameuliza vivuli."

"Na vivuli vikasemaje?"

"Mia moja themanini na sita vimekubali."

"Nitajie mmoja. Nimfuate sasa hivi nyumbani kwake aniambie nikimwangalia machoni."

Tumsifu aliangalia mafiga, na kokoto lililokuwa pembeni yake.

"Nitajie!"

"Wewe, Mama."

Nakijwa aliniambia mwiko ulimponyoka, ukaingia ndani ya makande na mpini wake. Akachukua koleo, akalishika lile kokoto kama kaa la moto, akaliweka juu ya meza.

"Basi lina kasoro."

"Nimelikagua siku tatu. Natamani lingekuwa na kasoro."

"Limesema kwa nini?"

"Siruhusiwi kuliuliza. Kivuli hakiulizwi sababu bila mwenyewe kuwepo, hiyo sheria niliiweka mwenyewe. Baraza linaweza kuuliza, ukiwepo."

"Baraza liko wapi?"

"Wiki ijayo linakaa Arusha. Linapiga kura kama neno la kivuli ni neno la mtu. Likisema ni neno la mtu, mitambo mia tatu sitini na mmoja, ya milima iliyokubali, inaanza kujengwa Jumatatu. Wa Ikamba umo."

"Twende," Nakijwa akasema. "Likaulizwe mbele yangu. Nataka nilisikie likidanganya."

*

Ukumbi ulikuwa mkubwa, wenye baridi ya mashine. Watu wa nchi mia moja na tisini na kitu, kila mmoja na kidude sikioni cha kumfasiria. Nakijwa alipewa chake, akasikia dunia nzima inaongea Kiswahili cha redioni.

Mwenyekiti wa Baraza alikuwa mama mmoja mrefu, Bi Teuila, mwenye kutembea kwa mkongojo. Alitoka visiwa vya mbali ambavyo sasa vilibaki viwili. Pale alipozaliwa, meli zinaonywa kwa boya zisije zikagonga paa la kanisa lililozama. Alikuja mwenyewe mpaka alipokaa Nakijwa, akampa mkono.

"Mama Nakijwa, ahsante kwa kuja. Hukulazimishwa?"

"Nimekuja kwa hasira zangu mwenyewe."

Bi Teuila akatabasamu kidogo. "Hizo hata mimi ninazo."

Kwanza akaitwa Tumsifu.

"Kivuli hiki ni kizima?"

"Ni kizima."

"Vivuli hukosea?"

"Katika maswali elfu moja, vinakosea manne. Mtu mwenyewe ukimuuliza jambo lilelile asubuhi na jioni, anajipinga mara thelathini."

Wakanong'ona. Ile namba ilikuwa inajulikana, lakini kuisikia kwa aliyevitengeneza ni jambo jingine.

Kisha wakamwambia Nakijwa asimame, na kisahani kikawekwa mezani mbele yake. Bi Teuila akauliza, polepole, kama anayeuliza mgonjwa.

"Kivuli cha Nakijwa Mbonea. Ulikubali ndiva itolewe?"

Kisahani kikakohoa. Nakijwa aliniambia, "Dada, nilijishika koo kuona kama ni mimi ninayekohoa."

"Nilikubali," kivuli kikasema. "Wachukue. Likauke hata kesho."

"Kwa nini?"

"Kwa ajili ya Eliamani."

Jina hilo ukumbini hakuna aliyelijua isipokuwa wawili. Tumsifu alilijua kama jina la kaka yake aliyekufa kwa homa kabla yeye hajazaliwa. Nakijwa akapiga hatua kwenda mezani, mkono mbele, kama anayetaka kuziba sufuria inayofurika. Askari akamzuia kwa upole.

"Eliamani ni nani?"

"Mtoto wangu. Alikuwa na miaka minne. Ilikuwa zamu yetu ya maji. Nilimwambia akae kwenye nyasi nizibue mlango. Kizibo kilikuwa kigumu. Nilipogeuka, kwenye nyasi kulikuwa na viatu."

Sauti ile haikulia. Ilikuwa sauti ya mtu anayeongea peke yake huku anapepeta mchele.

"Mbonea akamtoa. Tulimvalisha nguo kavu. Tukasema ni homa."

"Kwa nini mkasema homa?"

"Ndiva ikiua mtoto, mlango unafunguliwa. Inakaa tupu msimu mzima, inamlilia. Ndiyo desturi. Na mahindi yalikuwa ya wiki tatu, nyumba zaidi ya mia mbili zinayategemea. Nikamwambia Mbonea, tukisema, watoto wangapi watamfuata huyu kwa njaa? Tukasema homa. Miaka arobaini na mmoja ninapikia maji yaleyale. Nimechoka nayo. Likauke."

Hapo Nakijwa aliponisimulia, mimi niliweka ungo chini. Nilikuwepo kwenye mazishi yale. Nilimbeba yule mtoto nikamlalisha mwenyewe. Nywele zake zilikuwa na unyevu, nikadhani ni jasho la homa. Miaka yote hiyo mdogo wangu ananitazama usoni hasemi. Nikamwambia, endelea. Akaendelea.

*

Bi Teuila akamgeukia Tumsifu, aliyekuwa bado kwenye kiti cha mashahidi, mdomo wazi, machozi yanashuka bila yeye kujua.

"Samahani, binti yangu. Lazima niulize. Mtambo wako umedanganya?"

Tumsifu aliniambia hapo aliona vitu viwili kwa pamoja. Akisema umedanganya, mambo yameisha: kura inaanguka, ndiva inabaki, na siri ya mama yake inageuka upuuzi wa mashine ambao kesho hakuna anayeukumbuka. Neno moja tu. Na hakuna duniani mtu wa kumbishia, maana anayekijua kivuli ni yeye. Upande wa pili ulikuwa ukweli. Na ukweli ulikuwa unampokonya mama yake maji, na heshima, na mtoto, kwa mara moja.

Nakijwa naye aliniambia, "Nilimwombea aseme umedanganya. Mungu anisamehe, nilimwombea mwanangu aseme uongo mbele ya dunia nzima."

"Haujadanganya," Tumsifu akasema.

Sauti ilikuwa ndogo, wakamwambia arudie.

"Haujadanganya. Habari za kaka yangu nimezisikia leo, kama ninyi. Lakini mtambo naujua. Kama umesema, basi Mama aliyasema. Akiwa peke yake. Nami ndiye niliyeweka sikio pale."

Ukumbi ukavuma. Wengine walianza kupiga makofi, wale wa visiwani na wa pwani, wakajikuta wanapiga makofi mbele ya mama aliyefiwa, wakaacha. Kura ilikuwa imeshakwisha kabla ya kupigwa. Kila mtu aliona kwamba vivuli vimeshinda.

"Naomba kusema," Nakijwa akasema.

"Sema, Mama."

"Naomba jembe."

Kidude cha kufasiri kilisema, lakini hawakuelewa. Akaeleza kwamba kwao neno linasemwa mtu akiwa na jembe. Pale ukumbini jembe likatoka wapi? Askari akaanza kuangaza huku na huko kama aliyeagizwa chumvi. Bi Teuila akashuka kutoka kitini kwake, akampa Nakijwa mkongojo wake, yeye akabaki ameshika ukingo wa meza.

Nakijwa akausimamisha mkongojo sakafuni.

"Yote kiliyosema ni kweli. Niliyasema. Jikoni, mlango umefungwa, miaka yote hiyo. Nililichukia lile bwawa asubuhi, nikalichukia jioni. Halafu nikanawa uso, nikatoka, nikaenda ukingoni, nikasimama, nikasema watu wanywe. Siku ya mazishi nilifanya hivyo. Na juzi nimefanya hivyo. Msiniulize lipi la kweli. Yote ni yangu. Lakini ni mimi ninayeamua lipi litoke nje ya nyumba. Hiki kitu kilinisikia nikilia. Hakikuniona nikiinuka. Kilikuwa jikoni, mimi nilishatoka."

Akapumzika. Akauhamishia mkongojo mkono wa kushoto.

"Ninyi mmekusanya vilio vya watu wote duniani mkaviita kura. Kila mtu ana siku anataka nyumba yake iungue. Mtamchomea?"

"Mama Nakijwa." Bi Teuila aliongea bila hasira, ndiyo maana maneno yake yaliuma. "Nyumba ya mama yangu iko mita sita chini ya maji. Na yeye yumo, kaburini kwake. Hilo neno lako la kusimama linatuua. Hatusemi hivyo ili tukuumize."

"Najua. Nimekusikia. Njoo Ikamba uulize."

"Nimeuliza nikiwa nimesimama miaka thelathini."

"Ikamba hujauliza. Walikuja vijana watatu na picha ukutani. Wewe mwenyewe hujaja. Kwetu anayekuja na jembe akachimba na sisi, anapewa zamu. Hata kama ni mgeni, hata kama hatumpendi."

"Milima mia nne, Mama. Nina umri wa miaka sabini na mmoja. Nitachimba mingapi?"

Nakijwa aliniambia swali hilo bado analibeba mpaka leo.

Wakapiga kura. Majina ya nchi yaliitwa moja moja, nusu saa nzima. Mwisho Bi Teuila akasoma karatasi: waliosema neno la kivuli ni neno la mtu, tisini na nne. Waliosema si neno lake, tisini na saba. Akasoma bila sauti yake kubadilika. Nyuma kabisa mtu mmoja akapiga yowe kama aliyeona gari linamgonga mtoto. Mitambo mia tatu sitini na mmoja, haipo. Miaka minane ya kazi ya Tumsifu, haipo. Kura tatu.

Bi Teuila akakunja ile karatasi, akanyoosha mkono.

"Naomba mkongojo wangu," akasema.

Nakijwa akampa kwa mikono miwili. Hawakuangaliana.

*

Walirudi hosteli saa nane mchana. Chumba kilikuwa na vitanda viwili na dirisha linaloangalia karakana ya kuchomelea vyuma. Hakuna aliyevua viatu.

Simu ikalia. Alikuwa Senkondo.

"Shemeji."

"Senkondo. Mmesikia? Maji yamebaki."

"Tumesikia. Tulikuwa wote ofisini kwa kijiji, tunatazama. Shemeji, tumefungua."

"Mmefungua nini?"

"Mlango."

Nakijwa aliinuka kitandani alipokuwa amekaa. "Mlango gani? Senkondo, mlango gani?"

"Wa ndiva. Kijito tumekigeuza, kizibo tumekitoa kabisa, tumekipeleka kwa Mbonea, makaburini. Maji yanatoka sasa hivi."

"Una wazimu! Mahindi yana wiki tatu!"

"Tunajua."

"Mtakula nini? Mimi nimetoka kupigania hayo maji mbele ya... Nani aliyeamua?"

"Tuliosimama. Mia mbili na kumi na mbili. Hukuwepo wewe tu."

"Funga! Mimi ndiye mwenyekiti, nasema funga!"

"Hatufungi, shemeji." Sauti ya Senkondo ilikuwa nzito, lakini haikupanda. "Mtoto wa kaka yangu amekaa miaka arobaini na mmoja bila kuliliwa. Nilikuwa nakuja kumwagilia bustani yangu, nakupita, nakusalimia. Ungetuambia siku ile tungefungua siku ile."

"Mngekufa njaa."

"Labda. Tungehangaika, wengine tungeshuka tambarare kuomba vibarua. Labda wengine tungekufa. Lakini hukutuuliza. Ulituamulia, Nakijwa. Ukiwa jikoni."

Nakijwa aliniambia maneno yale yalimpiga kuliko yote ya ukumbini. Akakaa chini polepole, huku anaushika ukuta. Alitafuta lile neno lake kali, ambalo miaka yote halikumkosa kwa Senkondo. Halikuja. Tumsifu akaja kumshika magoti.

"Wanawake wako hapa," Senkondo akasema. "Wameanza kumlilia. Unataka kusikia, au nikate?"

"Usikate."

Senkondo akaiweka simu juu ya jiwe, ukingoni. Kwanza wakasikia kilio. Kilikuwa cha watu wengi, wazee kwa vijana, wanamtaja Eliamani kwa jina, na majina ya babu zake mmoja mmoja, kama anavyoliliwa mtu. Nyuma ya kilio kulikuwa na maji. Hayakwenda kwa mtambo, hayakwenda kwa mahindi. Yalikuwa yanashuka bondeni bure.

Tumsifu alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha pili, mikono juu ya macho.

"Mama."

"Mm."

"Alikuwa anafananaje?"

Nakijwa hakuwahi kuulizwa swali hilo. Kwa mtu aliyekufa kwa homa watu husema pole, basi. Akasema alikuwa na masikio ya Mbonea, makubwa, jua likiwa nyuma yake yanakuwa mekundu. Akasema alikuwa hapendi maharage, anayaficha chini ya sahani akidhani sahani inakula. Akasema alikuwa akimwita kila jogoo kwa jina la mjomba mmoja. Tumsifu akacheka huku analia, akauliza mjomba gani. Akamwambia. Akasema na mengine, na mengine, mambo ambayo hata jikoni hakuwahi kuyasema kwa sauti, na alipogeuka kuuliza kama anasikia, Tumsifu alikuwa ameshalala, mdomo wazi, viatu miguuni, kama alivyokuwa akilala alipokuwa shule ya msingi. Nakijwa akamvua viatu. Akaviweka chini ya kitanda, si kwenye zulia la kijani kama nyasi.

Karakana ilikuwa inachomelea, jua bado liko juu ya mabati. Huko Ikamba kilio kilipungua, watu wakawa wanaondoka wawili wawili, mtu akaisahau simu pale juu ya jiwe. Maji yakabaki peke yake. Nakijwa akajinyoosha na simu sikioni. Mkondo ulikuwa mnene, kisha ukawa mwembamba, kisha ukawa wa kukatika katika, kisha likawa tone, na tone, na baada ya tone hilo akangoja lingine.

Halikuja. Akalala.